Krenki tatu mezani: ipi inaokoka, ipi ni chuma chakavu?

Swali la msomaji kuhusu krenki, ule mhimili unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, na konrodi, fimbo inayouunganisha na pistoni; nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Pikipiki yangu ni ya silinda moja, mipigo minne, sisi 150. Ilianza kugonga chini ya injini, mlio mzito, hasa nikivuta moto ghafla au nikipanda mlima. Nimeifungua. Sasa mezani nina krenki tatu: ya kwangu, na mbili kuukuu nilizopewa, za injini ya aina hiyohiyo. Ya kwangu konrodi inayumba kushoto na kulia. Ya pili kichwa kikubwa cha konrodi kimegeuka bluu. Ya tatu ilikaa nje muda mrefu, ina kutu, ila haichezi. Fundi mmoja kaniambia nitupe zote nitafute mpya. Mwingine anasema atapiga nukta za senta panchi, kile chuma chenye ncha, pale beringi zinapokaa, pini ataichomelea, na kazi itaendelea. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mwanangu. Usimsikilize hata mmoja kwanza. Majibu yao yanapingana lakini kosa lao ni moja: wote wameamua kwa macho, na krenki haiamuliwi kwa macho. Macho yanakuonyesha pa kupima, basi. Nitakueleza namna ninavyozipitia mimi zikiwa mezani, na ukimaliza utaweza kuamua mwenyewe bila kumtegemea mwenye sauti kubwa.

Krenki ya pikipiki ya silinda moja kama yako kwa kawaida si kipande kimoja. Ni masahani mawili mazito ya chuma, kila moja likiwa na mkono wake unaopita kwenye beringi kuu, na katikati yake kuna pini iliyosukumwa kwa presi ndani ya matundu ya masahani hayo. Konrodi huvishwa kwenye pini hiyo kwa kichwa chake kikubwa (kichwa kidogo hushika pistoni), juu ya beringi ya sindano, yenye vichuma vyembamba kama sindano, kabla sahani la pili halijasukumwa mahali pake. Hakuna bolti wala nati. Pini imetengenezwa nene kidogo kuliko tundu lake, na ubanaji huo peke yake ndio unaobeba kila kishindo cha pistoni.

Kwa hiyo igawe krenki kichwani mwako makundi mawili. Kuna vinavyobebwa: konrodi, pini, beringi ya sindano, washa za pembeni, na beringi kuu mbili. Hivyo vimetengenezwa vichakae, na hubadilishwa. Halafu kuna vinavyobeba: matundu ya masahani, vikalio vya beringi kuu kwenye mikono, na ile ncha yenye mteremko inayoshika magneti, gurudumu la sumaku linalozalisha umeme wa injini. Kilichobebwa kikiisha, krenki inaokoka hata kama mlio wake ulikuwa wa kutisha. Kinachobeba kikiisha, krenki iko mashakani hata kama inang'aa kama sarafu mpya. Hilo ndilo swali unalopaswa kuliuliza kila moja kati ya hizo tatu.

Tuanze na ya kwako. Konrodi inayumba kushoto na kulia, na naona ndiyo iliyokutia hofu. Lakini konrodi lazima iyumbe. Imeachiwa nafasi pembeni ili oili ipenye na ili isisuguane na masahani chuma kikipata joto. Kwenye injini ndogo za namna hii, ukipima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya kichwa kikubwa na sahani, nafasi ya krenki mpya mara nyingi iko kati ya 0.10 na 0.45 mm. Watengenezaji wengine hawaihukumu mpaka ifike 1.0 mm, wengine hukata mapema, kwenye 0.5 au 0.6 mm. Na kwa kuwa konrodi ni ndefu, nafasi ndogo kule chini huonekana kubwa huku juu. Kichwa kidogo kinaweza kutikisika kufikia 3 mm na krenki bado ikawa nzima. Nimewahi kuokota kwenye pipa la vyuma chakavu krenki ambazo hazikuwa na kosa jingine isipokuwa mtikisiko huo, na inauma, kwa sababu kuna mtu alinunua nyingine bila kuhitaji.

Mchezo unaoua ni ule wa wima, kwenye mstari wa konrodi yenyewe. Kuupima kunahitaji utulivu. Kwanza osha kichwa kikubwa kwa mafuta ya taa mpaka oili yote itoke, kisha kikaushe kwa upepo. Hatua hii watu huiruka, na oili nzito iliyobaki kwenye sindano hujaza nafasi na kukudanganya kwamba hakuna kitu. Zungusha masahani pini iwe juu kabisa. Yashike kwa kiganja kimoja yasigeuke. Kwa mkono wa pili ishike konrodi kwa vidole viwili, katikati ya shingo yake, ivute juu wima, kisha isukume chini wima. Usiipindishe hata kidogo, maana ukiipindisha utausikia ule mchezo wa pembeni na utahukumu kosa ambalo si kosa. Sasa sikiliza kwa vidole. Krenki nzima haisemi chochote. Unavuta na kusukuma kama unavuta nondo iliyozikwa kwenye saruji. Iliyochoka inakujibu kwa "tk" ndogo, kavu.

Ukiwa na dayo geji, saa ya kupimia yenye sindano, iegemeze kwenye kichwa kidogo na urudie. Krenki mpya huonyesha karibu sifuri, sehemu chache za elfu ya milimita. Kikomo kinachotajwa na vitabu vingi vya injini hizi ni 0.05 mm, nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Unaweza kuona ni kitu kidogo. Lakini injini ikienda mizunguko 8,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 133 kila sekunde na pistoni inageuza mwendo mara 266 katika sekunde hiyohiyo. Kila inapogeuza, nafasi hiyo ndogo inapigwa kama nyundo. Ndiyo maana mchezo wa wima ukishaanza hauendi polepole. Leo ni mlio wa mbali, baada ya muda mfupi ni konrodi iliyotoboa krenki kesi, ganda la chini la injini.

Kisha zungusha konrodi polepole mduara mzima, karibu na sikio. Ukisikia mchanga, au ukihisi mahali inaposita kisha kuachia, njia ya sindano, yaani uso zinapobiringikia, imeanza kubanduka hata kama mchezo bado haujafika kikomo. Hiyo nayo ni ya kubadilishwa.

Kwa dalili ulizozitaja, mlio mzito unaoongezeka ukivuta moto na ukipanda mlima, natarajia utaikuta ile "tk". Mlio wa pistoni kupiga ukuta wa silinda husikika zaidi injini ikiwa baridi na hupungua ikipata moto. Pini ya pistoni iliyolegea hulia kwa sauti kali, nyembamba, ya haraka. Beringi kuu zilizochoka hazigongi, zinanguruma, na mngurumo unausikia mpaka kwenye vikanyagio. Kugonga kuzito chini ya mzigo ni kichwa kikubwa. Na kichwa kikubwa ni katika vile vinavyobebwa: seti mpya ya konrodi, pini, beringi ya sindano na washa, na krenki inarudi kazini. Ila si kabla ya maswali mawili.

La kwanza ni nini kiliua hicho kichwa kikubwa. Kwenye injini nyingi za aina hii oili hutoka kwenye pampu, hupita kwenye kifuniko cha upande wa klachi, huingia kwenye ncha ya krenki, na kutoka hapo hupita ndani ya sahani na ndani ya pini mpaka kwenye sindano. Injini kadhaa zina chujio la mzunguko kwenye ncha hiyo ya krenki, kikombe kinachotupa uchafu ukutani kwa nguvu ya kuzunguka. Kifungue. Mara nyingi utakuta kimejaa tope gumu jeusi, maana wengi hubadilisha oili kwa miaka bila kujua kikombe hicho kipo. Kisha toa ile nyavu ya chini inayochuja oili kabla ya pampu. Nimekuta humo, si mara moja, vipande virefu vya gundi ya gasketi kama minyoo. Fundi alipaka nyingi "ili isivuje", iliyozidi ikaminyika kwa ndani, ikakatika, ikaziba mdomo wa pampu. Beringi ya sindano huvumilia oili kidogo kuliko beringi za kuteleza, lakini haivumilii uchafu wala ukame. Ukifunga seti mpya bila kuisafisha njia yote, unaandaa mlio uleule kwa gharama mpya. Uendeshaji nao una mkono wake: kulazimisha gia kubwa mwendo ukiwa mdogo, injini ikitetemeka kwa uzito, hupiga kichwa kikubwa vibaya zaidi kuliko mwendo wa kasi wenye oili safi.

Swali la pili ni hali ya vinavyobeba, na hapa ndipo krenki nyingi hufia kimyakimya.

Angalia vikalio vya beringi kuu. Beringi ya gololi inapaswa kukaa kwenye mkono kwa kubana, itoke kwa kivutio na iingie kwa presi au kwa kupashwa moto. Ikitoka kwa mkono, au ukikuta mkono una mstari unaong'aa na unga wa kahawia kama kutu laini, ujue pete ya ndani ya beringi ilikuwa inateleza juu ya chuma. Pima kwa mikromita: karibu na sahani, katikati, na mwishoni, kisha geuza robo mzunguko upime tena. Linganisha na sehemu ya mkono ambayo beringi haifiki. Kuna aina za injini ambazo beringi ya upande mmoja hukaa kwa kulegea kidogo kwa makusudi, kwa hiyo tazama kitabu cha injini yako kabla ya kuihukumu.

Sasa lile wazo la nukta za senta panchi. Nalielewa linakotoka: ukipiga nukta, chuma huinuka pembeni mwa kila kishimo na beringi inaingia kwa kubana. Lakini inabanwa na ncha tu za vilima vidogo. Ncha hizo husagika mapema sana, beringi huanza kuteleza upya, na safari hii juu ya mkono uliojaa vishimo. Vilevile vilima hivyo havilingani urefu, kwa hiyo beringi haikai katikati, na umeupotosha mhimili wa krenki nzima kwa mkono wako mwenyewe. Silikubali hata kwa injini ya pampu ya maji.

Kama kikalio kimelika kidogo sana, sehemu chache za mia ya milimita, ipo gundi maalumu ya kushikilia beringi, inayokauka pasipo hewa. Ikipakwa kwenye chuma kilichosafishwa kabisa mafuta hufanya kazi ya heshima. Kama kimelika zaidi, kinaweza kujazwa kwa chuma cha kupuliza au kuvishwa kromu ngumu, kisha kikasagwa kurudi kwenye kipimo chake. Ni kazi halali na huokoa krenki za injini adimu ambazo hazitengenezwi tena. Kwa injini ndogo ya kawaida ambayo krenki yake bado inapatikana, mara nyingi kazi hiyo huizidi krenki yenyewe thamani. Kujaza kwa kuchomelea kawaida ni jambo jingine. Joto huvuta mkono upande mmoja na kuua ugumu wa chuma, na ukikereza baadaye unanyoosha juu juu tu kitu kilichopinda ndani.

Ncha ya magneti wengi huisahau. Mteremko wake ndio unaobeba magneti, kwa msuguano. Ile kii ndogo ya nusu mwezi kazi yake ni kuelekeza magneti ili moto upige kwa wakati wake. Haikuwekwa ibebe nguvu. Magneti ikilegea huilamba ncha hiyo na kuikata kii. Mikwaruzo midogo hutibika: paka pesti ya kusagia valvu kwenye mteremko, vika magneti bila kii, izungushe nusu nusu kwenda na kurudi mpaka rangi ya kijivu ienee pande zote, kisha osha kwa makini sana pesti yote itoke. Njia ya kii ikiwa imepanuka na kuchanika, hapo moto hautakaa mahali pake, na mimi huiweka krenki hiyo pembeni. Nyuzi za nati zilizopigwa nyundo wakati wa kutoa krenki mara nyingi hunyooka kwa dai, kifaa cha kukatia nyuzi. Na tafadhali, kwa hiyo nyundo: krenki ikikataa kutoka kwenye kesi, tumia kivutio. Kila pigo la nyundo ya chuma kwenye ncha hubana masahani yakaribiane upande wa pili wa pini. Uliyeifungua ikiwa nyoofu ndiye uliyeipinda.

Kwa hiyo pima unyoofu. Ilaze krenki kwenye vibloki viwili vyenye mfereji wa umbo la V, au ishike kwa vitovu vya mashine ya kukereza, iegemeze dayo geji kwenye mkono, na uizungushe polepole. Kikomo kwa krenki iliyotumika, kutegemea mtengenezaji, hutajwa kati ya 0.05 na 0.10 mm, ukiijenga upya, lenga 0.03 mm au chini yake. Kumbuka sindano ya geji huonyesha mara mbili ya kiasi ambacho mhimili umehama, na vitabu vingi huandika usomaji huo mzima wa sindano, kwa hiyo usiugawe kwa mbili ukajipa raha bure. Krenki iliyopinda kwa kuwa masahani yamezungukiana kidogo, au yamebanwa upande mmoja, hunyooshwa kwa nyundo ya shaba na kabari, pigo moja, pima, pigo moja, pima. Ni kazi ya saa nzima na fundi mwenye subira. Ukikuta inanyooka kirahisi mno, masahani yakigeuka kwa vipigo vyepesi, usifurahi: tundu la pini halibani tena.

Hapo ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote, tundu la pini. Hulioni mpaka uisukume pini itoke. Pini yenye afya hukataa. Presi huguna, mpini unakuwa mgumu, kisha pini huachia kwa mlio wa "pwaa" unaoshtua chumba kizima. Pini iliyotoka kwa nguvu ndogo, bila kishindo, imekwambia tayari kwamba haikuwa imeshikwa. Litazame tundu kwenye mwanga. Kuta zinapaswa kuwa na rangi moja ya chuma. Mabaka ya kahawia, au mistari inayozunguka badala ya kufuata urefu wa tundu, ni alama kwamba pini ilikuwa ikijisogeza. Pima kwa geji ya ndani, kina mbili, pande mbili, na linganisha na pini mpya. Pini isiyozidi tundu kwa sehemu kadhaa za mia ya milimita haitashika.

Na kuichomelea pini? Wapo wanaotayarisha injini za mashindano ambao huweka tone la kuchomelea kati ya pini na sahani, na hapo ndipo wengine wamelitoa wazo hilo. Lakini wao huchomelea pini ambayo tayari imebanwa sawasawa, krenki ikiwa imeshanyooshwa, kama ulinzi wa ziada. Hawachomelei kuokoa tundu lililopanuka. Tundu lililopanuka likichomelewa, pini inashikwa na ganda jembamba la nje, ndani inaendelea kucheza, na joto limeshaipinda kazi yote. Krenki yenye tundu lililopanuka, kama haipati pini nene zaidi iliyotengenezwa kwa ajili yake, imekwisha. Natamka hivyo bila kusita, maana aliye juu ya pikipiki ni wewe, na injini ikijifunga ghafla hujifunga na tairi la nyuma.

Krenki yako ya pili, yenye bluu. Chuma kisafi kikipata joto hubadilika rangi kwa mpangilio: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 230 hivi za Selsiasi, zambarau kwenye 280, bluu kwenye 300 hivi. Chuma cha beringi na njia za sindano huanza kupoteza ugumu wake kabla hata ya hapo. Kwa hiyo bluu kwenye kichwa kikubwa, ikiambatana na oili iliyoungua ikawa ganda jeusi na kizimba cha sindano kilichobadilika rangi, ina maana kichwa kilikauka oili kikachemka. Konrodi hiyo usiitumie hata kama haina mchezo. Ugumu wake umeondoka. Pini vilevile. Masahani yake, hata hivyo, yanaweza kuwa salama, kwa kuwa joto la namna hiyo huanzia kwenye sindano. Tazama eneo linalozunguka tundu la pini. Bluu ikiwa imeingia kwenye sahani lenyewe, iache.

Ila angalia usije ukaitupa konrodi nzima kwa sababu ya rangi ya kiwandani. Kuna konrodi ambazo ncha zake hugumishwa kwa umeme kiwandani na hubaki na mkanda wa rangi ya joto, sawasawa pande zote mbili, wenye kingo safi. Nyingine zina rangi nyekundu ya shaba. Hiyo ni shaba kweli, huvishwa ili kuzuia kaboni isiingie sehemu zisizotakiwa kuwa ngumu. Watu wamewahi kuniletea konrodi mpya wakidhani imeungua. Rangi ya ajali haina mpangilio, imekolea upande mmoja, na haiji peke yake.

Ya tatu, yenye kutu na isiyocheza, ndiyo inayonivutia, na ndiyo inayoweza kukudanganya. Kutu juu ya masahani haina neno, piga brashi. Kutu kwenye vikalio vya beringi, ikiwa ni vumbi tu, huondoka kwa msasa laini wenye oili; pima baada ya hapo. Hatari iko ndani ya kichwa kikubwa. Krenki ikikaa nje, unyevu hutulia kati ya sindano na pini, na kila sindano huchora mstari wake wa kutu pale iliposimama. Mistari hiyo ni vishimo. Mchezo hutausikia, maana chuma hakijalika kwa mwendo, lakini ukizungusha konrodi utahisi imekuwa na meno madogo, yamepangana kwa nafasi sawa. Ukiyahisi, seti mpya ni lazima. Habari njema ni kwamba kutu haipanui tundu la pini. Iliyoacha kazi kwa kutu inaweza kuwa na masahani mazuri kuliko ile iliyoacha kazi kwa kugonga.

Pia tafuta ufa. Osha masahani na mikono, paka mafuta ya taa, acha dakika kumi, futa mpaka pakauke, kisha pakaza unga wa chaki. Ufa utajichora wenyewe, mstari mwembamba wenye unyevu juu ya weupe, hasa kwenye kona ambapo mkono unakutana na sahani.

Ukishachagua masahani, kazi ya kujenga upya mpe mtu mwenye presi na geji, na mwambie mambo matatu kabla hajagusa. Apige mstari mwembamba kuvuka masahani yote mawili kabla ya kuyatenganisha, uwe mwongozo wake wa kurudishia. Apime upana wa masahani kwa nje kwa venia, kipimio chenye taya, na aurudishe uleule. La tatu nalisema kwa uchungu. Pini ya injini hizi ina tundu la oili ndani, na tundu hilo lazima litazamane na njia ya oili iliyo kwenye sahani. Mwaka wangu wa pili kazini nilisukuma pini vizuri sana, imenyooka, geji inasoma 0.02 mm, nikajivunia. Sikuitazama njia ya oili. Pini ilikuwa imegeuka, tundu limeelekea ukutani. Mwenye pikipiki alirudi akiisukuma kwa mguu, kichwa kikubwa kimegeuka bluu, na alikuwa baba wa watu aliyeniamini. Tangu siku hiyo, kabla sijaifunga krenki yoyote, nachukua kopo la oili lenye mdomo mwembamba, naijaza kupitia ncha ya krenki, na siridhiki mpaka nione oili ikichomoza kati ya sindano. Dai uonyeshwe tone hilo kwa macho yako.

Ukiamua kununua mpya kabisa, nayo ilaze kwenye vibloki uipime. Mpya si neno lenye maana ya nyoofu. Nimekuta krenki zikitoka kwenye boksi zikiwa zimepita kikomo cha zilizotumika.

Neno fupi kwa wenye injini za silinda nyingi wanaosoma jibu hili. Zipo za kujengwa kwa presi, kama Kawasaki Z1 ya 1972, na hizo hufuata mengi niliyosema hapa. Zipo za kipande kimoja zenye beringi za kuteleza za nusu duara, kama Honda CB750 ya 1969, na mambo yake ni mengine: unapima shingo za krenki, pale beringi zinapokaa, pande mbili kutafuta umbo la yai, unapima nafasi ya oili kwa uzi wa plastiki unaobanwa, na mkwaruzo unaoshika ukucha ni habari mbaya. Kusaga shingo inawezekana pale tu unapopata beringi za kipimo kilichopungua, na kwa pikipiki mara nyingi hazipo. Uliza beringi kwanza, ndipo upeleke krenki kwa msagaji.

Turudi mezani kwako. Kwa ulivyoeleza, ya kwanza na ya tatu zote zinaweza kuokoka, kila moja kwa seti yake mpya ya konrodi. Ya pili iko mbali zaidi, lakini usiitupe bado. Pima vikalio vya mikono yote sita, pima unyoofu wa zote tatu kabla pini yoyote haijasukumwa, tazama ncha tatu za magneti, kisha niandikie namba hizo pamoja na ulichokikuta kwenye kikombe cha chujio. Tutachagua moja kabla presi haijawashwa.